Kidani cha Palmoni: hesabu imekubali, jina limegeuzwa

Kidani hiki nilikiagiza mtandaoni. Nitaanza na mkufu wake ili niumalize. Haufai. Tangazo liliuita fedha halisi, lakini wiki ya pili shingo yangu ilikuwa na mstari wa kijani, na fedha ikichakaa huingia weusi. Kijani ni tabia ya shaba. Nimeutupa, nikakitia kidani kwenye uzi mweusi wa kushonea viatu, na mpaka leo uko imara.

Kidani chenyewe kimetengenezwa vizuri. Kinalingana na kucha ya kidole gumba, kina uzito wa kuridhisha, kingo zake hazikwaruzi, na herufi zimechimbwa kiasi cha kuzihesabu gizani kwa ncha ya kidole. Ni sita. Shida yote niliyoipata, na raha yote pia, imetoka kwenye hizo sita.

Mimi ni mhasibu, huu ni mwaka wangu wa 19. Tangazo lilinikuta siku ya kufunga hesabu za mwezi, saa ambayo mhasibu hukubali msaada hata wa malaika. Lilisema: Palmoni, Mhesabu wa Siri, malaika wa namba aliyefichwa ndani ya Biblia. Nikajiuliza, miaka yote hii naenda kanisani, mwenzangu huyu wa kazi mbona sijawahi kusikia akitajwa? Nikaagiza.

Ndani ya kifurushi mna vitu vitatu: kidani na mkufu wake, kijitabu cha kurasa 48 na kadi ya maelekezo. Kadi inataka ulitamke jina mara 216 kila asubuhi kabla hujasema na mtu, uliandike kwenye karatasi na kuliweka ndani ya daftari la mauzo, na ukikabiliwa na mtihani wa hesabu ukishike kidani kwa mkono wa kushoto. Nilijaribu lile la asubuhi. Nilipofika kama 140 nikapotewa na hesabu. Nikaanza upya, safari hii nikichora vistari vitanovitano pembeni mwa gazeti, na nikamaliza. Namwomba msomaji alitafakari jambo hilo kidogo: mtu anamwita Mhesabu wa Siri na papo hapo anashindwa kuhesabu. Wiki hiyo hesabu za kazini hazikuwa bora wala mbaya kuliko wiki nyingine.

Kijitabu ndicho kilichonishika. Tafsiri yake ya Kiswahili ni ya mashine, utaijua kwa namna sentensi zinavyotembea kinyumenyume, ila sura ya pili inanoga. Inaeleza kwamba herufi za Kiebrania ni tarakimu pia, kama ilivyo kwa abjadi ya Kiarabu, na kwamba jina lolote linaweza kujumlishwa. Nikatoa kalamu, kwa sababu sijazoea kuamini jumla ya mtu mwingine. Pe ni 80. Lamedi 30. Memu 40. Vavu 6. Nuni 50. Yodi 10. Jumla 216. Sawa kabisa.

Na 216 si namba ya hivihivi kwa watu wanaopenda mambo haya. *Gevura*, yaani nguvu, ni 216. *Yira*, kicho cha Mungu, ni 216. *Arye*, simba, ni 216. Zote nilizijumlisha mwenyewe na zote zinakubali. Jina linapatikana katika kitabu cha Danieli, na Danieli ndiye aliyelala na simba shimoni, basi unaweza kuona mwandishi wa kijitabu alivyopandwa na mori. Kisha anafika kwenye Kutoka 14, mistari ya 19, 20 na 21. Kila mmojawapo una herufi 72 katika Kiebrania. Wenye elimu ya Kabala, mafundisho ya siri ya Kiyahudi, huuandika wa kwanza kama ulivyo, wa pili wanaugeuza kuanzia mwisho wake, wa tatu kama ulivyo, wanaipanga mitatu hiyo sambamba na kuchukua herufi tatutatu. Yanapatikana majina 72 ya herufi tatu, na 72 mara 3 ni 216. Kijitabu kinahitimisha kwamba Palmoni ndiye ufunguo wa majina yote 72. Hitimisho hilo silioni kwenye hesabu. Makabati mawili yakiwa na mafaili 216 kila moja, hayajawa kabati moja. Lakini nakiri nilisoma sura hiyo mara tatu, na mara ya tatu chai ilikuwa imepoa.

Nikakivaa kidani kwenda ibadani. Yupo mzee wetu mmoja, mchungaji mstaafu, aliyefundisha Kiebrania chuoni kwa muda mrefu. Nilipomwamkia, macho yake hayakuja usoni kwangu, yalishuka shingoni.

"Marahaba, mwanangu. Hicho umekipata wapi?"

"Nimeagiza mtandaoni, Mchungaji."

"Kimeandikwa kinyumenyume."

Akavaa miwani, akakishika kwa vidole viwili. Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Fundi, au programu yake ya kuchonga, alikipanga kutoka kushoto kwenda kulia kama anaandika Kiswahili. Anayejua kusoma anaanzia kulia, anakuta yodi, nuni, vavu, memu, lamedi, na mwisho pe. Hakuna neno hapo. Kilichotoka ni kitu kama "Yenumlap".

Nilisimama pale nikiona aibu ya kikazi zaidi ya nyingine yoyote. Nilikuwa nimeijumlisha ile 216, nikaona imekubali, nikafunga daftari. Mwanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba urari, yaani jedwali la kulinganisha pande mbili za hesabu, ukikubali si ushahidi kwamba vitabu ni sahihi: ukiingiza malipo ya mtu mmoja kwenye akaunti ya mwingine, jumla haitakuambia. Geuza herufi za jina upendavyo, zichanganye kama karata, bado utapata 216. Hesabu ya herufi haioni mpangilio. Na jina ni nini kama si mpangilio?

Mchungaji hakuwa amemaliza. "Na ukikisoma sawasawa, unajua kinasema nini?"

"Mhesabu wa Siri."

"Kinasema Fulani."

Nikadhani ananitania. Alikuwa hatanii, na tangu siku hiyo nimelichimba jambo hili kuliko nilivyowahi kuchimba ankara iliyopotea.

Jina linapatikana mara moja tu katika Biblia nzima, Danieli 8:13. Kijitabu kinasema "mara nyingi". Mara moja. Danieli yuko kwenye maono, anamsikia mtakatifu mmoja akinena, na mtakatifu wa pili anamuuliza yule anayenena: maono haya yatakuwa hata lini? Huyo anayenena ndiye aliyeitwa *palmoni*. Katika Biblia ya Kiswahili niliyokulia humwoni, amemezwa na "yeye aliyenena". Wataalamu wa lugha wanaliona neno hilo kuwa muungano wa maneno mawili yanayotembea pamoja, *peloni* na *almoni*, yaani fulani bin fulani, mtu asiyetajwa.

Na hapa ndipo Mswahili anapowazidi wasomaji wengine wengi. *Peloni* ya Kiebrania na *fulan* ya Kiarabu ni ndugu wa tumbo moja. Kiarabu hakina sauti ya p, kina f. Sisi tukaichukua ya Kiarabu, ikawa fulani. Mwingereza anahitaji mwalimu wa kumweleza *peloni* ni nani. Sisi tunamtaja kila siku tukimsengenya jirani bila kumtaja. Hata Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya Wayahudi, ina *peloni ben peloni*, na mahakama za Israeli mpaka leo zikitaka kuficha jina la mhusika huandika Peloni, au Pelonit akiwa mwanamke. Kijitabu chenyewe, ukurasa wa 3, mashine imetafsiri "mtakatifu fulani aliyesema". Jibu lilikuwa pale pale, wakalipita mbio kwenda kwa simba.

*Peloni* na *almoni* yanaonekana pamoja mara tatu katika Biblia, na kila mara kuna kitu kinachofichwa kwa makusudi. Daudi anapomkimbia Sauli, anamwambia kuhani Ahimeleki kwamba vijana wake amewaagiza wamngoje mahali fulani, hataki pajulikane. Mfalme wa Shamu katika 2 Wafalme 6 anapanga kambi yake mahali fulani, ni siri ya vita, na Elisha anaitoboa. Mara ya tatu ni Ruthu 4, na hiyo ndiyo ninayoipenda. Boazi ameketi langoni, anapita jamaa aliye karibu zaidi, mwenye haki ya kulikomboa shamba la Elimeleki na kumwoa Ruthu. Boazi anamwita: *peloni almoni*, wewe fulani, njoo uketi. Jamaa analitaka shamba. Akisikia na Ruthu yumo, anajitoa, asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Rashi, mfasiri Myahudi aliyeishi 1040 hadi 1105, anasema jina lake halikuandikwa kwa sababu hakutaka kukomboa. Aliulinda urithi wake, na hatujui aliitwa nani.

Lakini Fulani wa Danieli si wa aina hiyo, naye hakukataa kitu. Tazama kinachofuata mistari mitatu baadaye: katika 8:16 sauti inamwita Gabrieli, na hapo ndipo malaika anapotajwa kwa jina kwa mara ya kwanza katika Biblia. Mmoja amepewa jina na mwingine amenyimwa, ndani ya ukurasa mmoja. Mwandishi angeweza kutoandika chochote. Amechagua kuandika Fulani, tena kwa umbo ambalo halitumiki mahali pengine popote katika Biblia.

Wafasiri wa kale walihangaika naye. Wale wa Kigiriki hawakujaribu, wakaliandika lilivyosikika, *Phelmouni*, kama jina la mtu. Jerome katika Kilatini alikuwa mkweli kuliko wote: aliandika *alteri nescio cui*, mwingine, sijui nani. Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 iliweka "mtakatifu fulani" ndani ya mstari, na pembeni ikaandika maana nyingine: Palmoni, au mhesabu wa siri, au mhesabu wa ajabu. Kumbe Mhesabu wetu anatoka pembeni mwa ukurasa! Na hakufichwa na kanisa kama kijitabu kinavyolalamika. Alichapishwa hadharani kwa amri ya mfalme.

Wanaolisoma hivyo wanalikata jina vipande viwili. *Pele* ni ajabu, neno lile lile la Isaya 9:6, Mshauri wa ajabu, na lenye mzizi mmoja na lile la Waamuzi 13:18, malaika anapomwambia Manoa jina lake ni la ajabu. Sehemu ya pili wanaipeleka kwenye *mana*, kuhesabu, ambalo ndugu yake wa Kiaramu yuko sura tatu tu nyuma, ukutani kwa Belshaza: *mene*, Mungu ameuhesabu ufalme wako. Kama sarufi, naona Fulani ana nguvu zaidi. Kama mhasibu, siwezi kujizuia kuona kwamba huyu Fulani aliulizwa "hata lini?" na jibu lililotoka katika mstari wa 14 lilikuwa namba kavu: 2,300.

Namba hiyo imewasumbua watu. Andiko linasema jioni na asubuhi 2,300, bila neno siku. Wako wanaogawa kwa mbili, jioni moja na asubuhi moja, wanapata siku 1,150, wanazilinganisha na muda ambao hekalu la Yerusalemu lilikuwa limenajisiwa na mfalme Antioko wa Nne, kati ya 167 na 164 KK. William Miller, mhubiri wa Marekani, akitafuta mwaka wa kurudi kwa Yesu, alichukua kila siku kuwa mwaka na kuhesabu kuanzia mwaka 457 KK. Toa 457 kwenye 2,300 upate 1,843, na huo ndio mwaka walioanza kuutangaza. Kisha mtu akakumbuka kwamba hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK, wakaongeza mmoja. Wafuasi wake wakaingoja tarehe 22 Oktoba 1844, Yesu hakuja. Waadventista wa Sabato mpaka leo wanaushika mwaka huo kwa maana nyingine, ya patakatifu pa mbinguni. Kosa la mwaka mmoja kwenye kufungua vitabu! Nililisoma hilo nikiwa nimesimama. Miaka 19 baadaye, 1863, Milo Mahan, kasisi na mwalimu huko huko Marekani, akakipa kitabu chake cha tarakimu za Biblia jina la Palmoni. Hayo yote hayamo kwenye kurasa 48. Nafasi yake imechukuliwa na maelekezo ya kushinda bahati nasibu.

Nirudi kwa muuzaji, maana haya ni mapitio ya bidhaa. Nilimwandikia kwamba jina limegeuzwa. Akajibu siku ya pili kwamba nguvu ya jina haina mwelekeo. Nikamwambia basi aniuzie kadi isiyo na kitu, tuone. Jibu la tatu lilikuwa la kijanja, nampa heshima yake: alinikumbusha kwamba hata katika majina 72 mstari wa 20 huandikwa kuanzia mwisho. Ni kweli. Lakini yule anayeugeuza mstari wa 20 anaujua, ameugeuza kwa makusudi na anaweza kuurudisha. Fundi wake hakugeuza kitu, alikosea. Nilimtumia picha ya Danieli 8:13 kwa Kiebrania, neno likiwa limezungushiwa duara jekundu, na Mchungaji akaniongezea mstari mmoja wa Kiebrania ambao sijui unasema nini. Ulifanya kazi. Kidani cha pili kilifika baada ya wiki tatu, bila malipo ya ziada, kimeandikwa sawasawa. Mkufu wake ni ule ule wa shaba.

Ukitaka kuagiza, omba picha ya kidani chenyewe na si ya tangazo. Herufi ya kwanza upande wa kulia lazima iwe pe, ile iliyojikunja na kuwa na kinundu ndani kama mdomo uliofunga pipi. Ya mwisho kushoto ni yodi, ndogo kuliko zote, inaning'inia juu kama koma iliyosahau kushuka. Ukiona yodi iko kulia, rudisha. Angalia pia kwamba ya nne ni vavu ndefu na si yodi nyingine, kwa kuwa ikiwa yodi jumla inakuwa 220, na hapo hata 216 yako huna.

Kwa kidani cha pili nampa muuzaji nyota 4 kati ya 5. Kwa mkufu, sifuri. Kijitabu nakipa 2, zote za sura ya pili. Kama unakitafuta kwa ajili ya mtihani au biashara, sijaona kikifanya lolote, na sikulitegemea hilo lifanyike kwa kumwita mtu ambaye andiko limekataa kututajia jina lake. Kile cha kwanza, cha "Yenumlap", nimekining'iniza kwenye kona ya skrini ya kompyuta yangu ya kazini. Urari ukikubali mapema mno, nakitazama, kisha narudi kukagua ingizo moja moja.

Cha pili nakivaa. Juzi kijana wa mapokezi aliniuliza ni jina la nani.

"Fulani," nikamwambia.

"Fulani nani, mama?"

"Ndiyo hivyo hivyo. Fulani."

Akaniangalia kama mtu anayesubiri sentensi iishe, simu ikalia, akaenda kuipokea.